Umeyaleta kwa Moyo Gani?

Binamu yangu amenitumia mfuko wa ndimu kutoka kijijini kwetu, Kwa Vonza. Ameufunga kwa kamba ya mkonge, akaandika jina langu kwenye kipande cha boksi, na ndani akatia salamu: eti mti wa Susu bado unazaa, Mungu ni mwema. Nimekata ndimu moja niitie kwenye chai, maana nina mafua, na harufu iliponipanda puani sikukumbuka wema wa Mungu. Nilikumbuka mgongo wangu. Nilitamani kumpigia binamu simu nimwambie kwamba mti ule niliunywesha mimi, kikombe kimoja kimoja, kwa miaka mitatu, na kwamba kila ndimu iliyo mfukoni humu ni jasho langu.

Ninyi mliolelewa na nyanya waliookoka mtanielewa. Wengine, vumilieni.

Susu, ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya, alikuwa mama yake mama yangu. Niliachiwa yeye nikiwa darasa la pili, mama alipopata kazi ya kupika katika hoteli moja ndogo ya kando ya barabara kule Salama, mahali madereva wa malori hushuka kula. Mama alilala chumba kimoja na wapishi wengine wawili, kwa hivyo hapakuwa na nafasi ya mtoto. Aliniambia, huku akinifunga vifungo vya sweta, kwamba akipata chumba chake mwenyewe atakuja kunichukua. "Lakini Susu ndiye atasema kama uko tayari," akaongeza. Mimi nilisikia neno moja tu, tayari, na kuanzia siku hiyo kazi yangu duniani ikawa ni kuwa tayari.

Tatizo ni kwamba Susu hakuangalia kazi. Aliangalia moyo.

Alikuwa mwanamke mwembamba, goti moja limevimba, na kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa hakikumtoka kichwani hata alipokuwa akitwanga mahindi ya muthokoi. Kwake yeye, Mungu hakuwa mtu wa mbali mawinguni. Alikuwa kama mgeni aliyekaa ndani ya kifua cha kila mtu, kimya, akisikiliza. Mungu anajua unachofikiri kabla hujamaliza kukifikiri, alisema. Anajua kwa nini umefagia. Anajua kwa nini leo umemsalimia jirani yetu Mama Mbithe kwa adabu nyingi hivyo, ni kwa sababu umeona amebeba miwa. Na kweli nilikuwa nimeiona miwa. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba hakukosea.

Watu husema ni faraja kubwa kwamba Mungu anaijua mioyo yetu. Nimesikia hayo yakihubiriwa mara nyingi, na watu wazima wakiitikia kwa machozi. Huenda ni kweli. Mimi nilikuwa na miaka minane na sikuona faraja yoyote. Niliona kazi mara mbili. Watoto wengine walitakiwa kuosha vyombo. Mimi nilitakiwa kuviosha na pia kutaka kuviosha. Mbithe, binti yake na rafiki yangu, alipiga magoti kuomba dakika moja akalale. Mimi nikisema amina, Susu aliuliza kama nilikuwa namwombea mama kweli au nilikuwa nawaza maharagwe. Nilikuwa nawaza maharagwe.

Lakini yote hayo ningeyasamehe. Ni maji ambayo sijayasamehe.

Kila siku nikitoka shule nilichukua mtungi na mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso na kushikilia mzigo mgongoni, nikashuka mtoni. Mto wetu, kama mito mingi ya Kitui, ni mchanga mtupu mwezi baada ya mwezi. Unachimba kwa mikono, unapiga magoti, unangoja maji yajikusanye chini taratibu, unayateka kwa nusu ya kibuyu, unangoja tena. Kisha unapanda kilima. Kina Mbithe walikuwa na punda. Sisi tulikuwa na mimi.

Desturi ya nyumba yetu ilikuwa kwamba kikombe cha kwanza cha maji mapya ni cha mkubwa wa nyumba. Nilikuwa nikifika namimina maji kwenye kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, nampelekea Susu kwa mikono miwili, nikiinama kidogo. Hakukipokea mara moja. Alinitazama kwanza.

"Umeyaleta kwa moyo gani?"

"Kwa moyo mweupe, Susu."

Akakipokea kikombe, akainuka kwa taabu, akachechemea hadi kwenye mche wa ndimu uliokuwa kando ya jiko, akayamwaga yote kwenye shina.

"Haya ni ya mti," alisema. "Mti hauulizi."

Maji yaliyobaki mtungini yalitumika kama kawaida. Tuliyapikia, tukayaoshea vyombo, tukawanywesha mbuzi. Kile kikombe cha kwanza tu ndicho alichokikataa, siku ile, na kesho yake, na mtondo. Nilijaribu kila kitu. Nilitabasamu. Nilipanda kilima nikiimba wimbo wa kanisani, shingo imekazwa na mukwa, ili anisikie kutoka mbali nikiwa na furaha. Nilijaribu hata kuyapenda yale maji. Nikajibu "moyo mweupe" kwa sauti ya chini, kwa sauti ya juu, nikiwa nimefumba macho. Kikombe kikamwagwa tu. Na mti, mshenzi yule, ukanawiri.

Kwa muda niliamini nimegundua siri. Shuleni watoto walisimuliana kwamba zamani, kabla ya kanisa kuja, watu walimwaga kidogo cha kila kitu chini ya miti kwa ajili ya aimu, roho za wazee waliokufa. Nikajumlisha mbili na mbili. Susu wangu, kiongozi wa maombi ya Jumatano, alikuwa analisha aimu mchana kweupe! Nilimnong'onezea Mbithe, naye Mbithe hakuwahi kuweka siri tangu azaliwe. Kabla ya wiki kuisha, wazee wawili wa kanisa walifika kwetu, kofia mkononi, wakakataa viti, wakauzunguka mndimu wakiutazama kama ng'ombe wa kununua.

"Mama, tumesikia huu mti ndio unapewa maji ya kwanza," mmoja alisema. "Hatujasema ni vibaya. Tunauliza tu, ni kwa nia gani?"

Sijawahi kumwona Susu akipandwa na hasira vile. "Asi! Nia yangu inaonwa na Mungu, haionwi na kamati," aliwaambia. "Nyinyi mnakuja kuuliza moyo wa mtu kama mnauliza njia ya soko? Kunyweni chai mwende."

Wakanywa chai, wakaenda. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, mdomo wazi. Kumbe yeye haulizwi! Mimi naulizwa kila uchao, na yeye akiulizwa mara moja tu nyumba haikaliki. Nililiweka jambo hilo moyoni, mahali ambapo, kwa bahati mbaya, kulikuwa na mgeni akisikiliza.

Kibaya zaidi zilikuwa barua. Susu hakujua kusoma wala kuandika, kwa hivyo kila mwisho wa mwezi, Jumapili baada ya ibada, aliniketisha kwenye kigoda nimwandikie mama. Barua zilibebwa na Kioko, mchuuzi wa mbuzi aliyefika Salama mara kwa mara na kula katika hoteli ile ile ya mama. "Andika," Susu aliniambia, macho ameyafumba kama anayeomba. "Mtoto hajambo. Masomo yanaendelea. Lakini moyo wake bado. Mwache kwanza." Nami nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri uliosifiwa na mwalimu mbele ya darasa, kwamba moyo wangu bado. Hebu fikirieni mfungwa anayejiandikia kifungo mwenyewe, halafu anarudia mstari kwa sababu amesahau nukta.

Mwaka wa tatu mama alituma habari kwamba amepata chumba. Kioko alinieleza yote aliyoambiwa: kuna kitanda, kuna pazia la maua, kuna shule karibu. Nikahesabu barua zilizofuata. Ya kwanza, moyo wake bado. Ya pili, moyo wake bado. Ya tatu nikaiandika mwenyewe.

Susu alisema, "Moyo wake bado. Mwache kwanza." Nikaandika: moyo wake umekuwa mzuri kabisa, njoo umchukue shule zikifungwa.

"Nisomee," Susu akaagiza.

Nikasoma, macho kwenye karatasi: "Moyo wake bado. Mwache kwanza."

Susu aliikunja ile karatasi, akaiwekea mkono, akaiombea ifike salama. Ikafika salama.

Wiki zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Susu hakuweza kusoma, lakini yule mgeni wa kifuani alijua kusoma kabla mwalimu wangu hajazaliwa. Nikaanza kumficha mawazo. Kanisani kwetu tuliimba kwa Kikamba na tukaomba kwa Kikamba, kwa hivyo niliamua kwamba hicho ndicho anachokisikia upesi zaidi. Kiswahili pia alikijua, maana pasta alikitumia wageni wakija. Ikabaki Kiingereza. Nikaamua kufikiri kwa Kiingereza. Lakini Kiingereza changu kilikuwa cha kalamu, dirisha na ng'ombe, na huwezi kuficha dhambi ya maana ndani ya maneno ishirini. Nilitembea njia nzima ya mtoni nikitaja vitu kichwani, mti, jiwe, mbuzi, mti mwingine, na nikikosa neno tu, ile barua inarudi kwa Kikamba safi. Nikakonda. Susu akanipa dawa ya minyoo.

Siku ya kufunga shule nilishuka mtoni nikijua mama anaweza kufika kesho yake. Jua lilikuwa kali na wanawake walikuwa wengi kwenye visima vya mchanga, nikangoja zamu yangu hadi miguu ikafa ganzi. Nikiwa katikati ya kilima mukwa ukakatika. Mtungi ukaanguka, maji yote yakaenda. Nikarudi. Nikachimba tena, nikangoja tena, nikaufunga mukwa fundo na fundo likanikaa katikati ya paji la uso. Nilipofika nyumbani ngozi ilikuwa imechunika na sikuwa na wimbo wowote. Nikamimina kikombe cha kwanza, nikampa Susu, na sijui kama niliinama.

"Umeyaleta kwa moyo gani?"

"Kwa moyo mbaya!" nilipiga kelele. "Moyo mbaya, Susu! Siyapendi haya maji. Siyaleti kwa sababu nakupenda. Nayaleta ndio useme niko tayari, niende kwa mama. Kila siku ni hivyo! Na ile barua niliandika uongo, nikakusomea uongo, nikamwambia mama aje. Na leo mtungi ukianguka nimesema kwa roho yangu, afadhali ungemwangukia Susu. Sasa mwaga! Mwagia mti wako!"

Nikafumba macho kungoja kofi. Kofi halikuja. Nikasikia sauti ya mtu akimeza. Nilipofumbua macho Susu alikuwa anakunywa. Alikunywa polepole, hadi nusu ya kikombe, akashusha pumzi.

"Sasa haya ni maji," alisema. "Mungu alikuwa anajua hayo yote. Hata mimi nilijua, ila tu hiyo ya barua. Ni wewe peke yako ulikuwa unajificha."

Mnaona? Miaka mitatu! Miaka mitatu nilidhani anamwaga maji kwa sababu moyo wangu ni mbaya, nikauosha na kuusugua ule moyo kama sufuria yenye masizi. Kumbe moyo mbaya angeuvumilia. Alichokataa kumeza ni lile neno "mweupe". Na hakusema! Mwanamke aliyekuwa na la kusema kuhusu kila kitu chini ya jua, kuhusu namna ninavyofunga mlango na namna ninavyotafuna, hilo moja aliliacha nilichimbe mwenyewe kama maji ya mchangani. Najua atakayesoma haya atasema hiyo ndiyo hekima ya wazee. Basi na aende yeye akabebe mtungi.

Hasira yangu ilikuwa bado ya moto, nikaona nisiipoteze. Nikamuuliza kwa sauti ile ile yake:

"Na wewe, Susu? Unaniweka hapa kwa moyo gani?"

Nilitegemea atanijibu kama alivyowajibu wale wazee wa kanisa. Akafungua mdomo. "Kwa moyo mweu..." Neno halikuisha. Alikitazama kikombe, akalitazama goti lake. Kisha akachechemea hadi kwenye mndimu, akayamwaga maji yaliyobaki.

"Nimekuwa nikimwambia mama yako ni kwa ajili ya roho yako," alisema, akiwa amenipa mgongo. "Si kweli. Ni hili goti. Ukienda, ni nani atashuka mtoni? Niliogopa. Nikaogopa, nikasingizia Mungu."

Mtoto amezoea kukemewa na watu wazima, hajazoea kuungamiwa. Nilichukua ufagio nikafagia uwanja uliokuwa umeshafagiliwa, na Susu akakaa kwenye kigoda chake akinitazama, na hakuuliza nafagia kwa nini.

Mama alikuja kesho yake mchana. Susu hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. "Mtoto alikuwa tayari kitambo," alimwambia. "Mimi ndiye sikuwa tayari. Nilikudanganya, na Mungu alikuwa ananiona nikikudanganya." Mama alimtazama Susu, akanitazama mimi na paji langu lenye kidonda, akauliza swali la mtu mwenye akili: kwa nini hamkuomba punda wa kina Mbithe? Tukaenda kwa Mama Mbithe. Mama Mbithe alishangaa sana. Punda huyu hukaa bure siku tatu kwa wiki, alisema, ningekuwa nawaletea maji zamani, lakini mama yako hajawahi kusema. Susu hakupenda kuomba watu. Miaka yote mitatu yule punda alikuwepo, hatua hamsini kutoka mlangoni kwetu, akitafuna mabua ya mahindi na kunitazama nikipita na mtungi.

Asubuhi ya kuondoka, zamu ya punda kutuletea maji ilikuwa haijafika. Sanduku langu lilikuwa mlangoni na mama alikuwa akihangaika kwamba gari litatuacha. Nikauona mtungi ukiwa mtupu kando ya jiko. Nikauchukua.

"Sasa unaenda wapi wewe?" mama akapaza sauti.

Nilishuka mtoni mbio, nikachimba, nikangoja maji, nikateka, nikapanda. Susu alikuwa ameushona mukwa vizuri, fundo halikuwepo tena. Na njiani, kwa mara ya kwanza, nilikuwa na jibu. Nililipanga kwa Kikamba, bila kumficha yeyote neno. Ningemwambia nimeyaleta kwa sababu nimefurahi kwenda, na kwa sababu naona haya kwamba nimefurahi, na kwa sababu sitaki ashikwe na kiu mimi nikiwa sipo. Lilikuwa jibu zuri na lilikuwa la kweli, na kwangu mambo hayo mawili hayajakutana mara nyingi tangu siku ile. Nilipanda kilima nikilirudia ili nisilisahau.

Nikamimina kikombe cha kwanza. Nikampelekea Susu kwa mikono miwili, nikainama, nikangoja.

Alikunywa yote. Akapangusa mdomo kwa ncha ya kitambaa chake cheupe, akanirudishia kikombe kitupu, akasema, "Haya, kimbia, gari litawaacha."

Miaka mitatu aliniuliza kila siku. Siku moja tu niliyokuwa na jibu, hakuuliza.